Bia, Maji na Mji: Somo la Sayansi katika Mitaa ya London

Katika miji mingi ya Ulaya imeenea desturi ya kuwatembeza wageni kwa miguu chini ya uongozi wa mtu aijuaye vema historia ya mji, na kuwapitisha katika baa za zamani ambamo huonja bia za mahali hapo. Kiongozi husimama penye pembe ya mtaa, hueleza jambo lililotukia hapo miaka mia mbili iliyopita, kisha huwaingiza wageni ndani, na kila mmoja hupewa bilauri ndogo. Baada ya saa tatu au nne msafara umekwisha, na mgeni hurudi hotelini akiwa na hadithi nyingi na, pengine, kichwa kizito kidogo.

Msomaji aweza kuuliza: jambo hili la starehe linahusiana nini na jarida la sayansi? Jibu ni kwamba linahusiana kwa njia mbili. Kwanza, katika jiji la London wapika bia walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutumia kipimajoto, injini ya mvuke na hadubini katika kazi ya kila siku, hata mtu akifuata nyayo zao mitaani anafuata pia historia ya fizikia, kemia na elimu ya vijidudu. Pili, hadithi zinazosimuliwa katika matembezi hayo hazilingani katika ukweli. Nyingine zimethibitishwa, nyingine ni nusu kweli, na nyingine ni uzushi uliopendwa na watu. Kuzichambua ni zoezi la kisayansi, na kama tutakavyoona, mojawapo ya hadithi hizo ikisadikiwa vibaya yaweza kumwua mtu.

Basi na tufuate njia moja, ya kilomita sita hadi saba. Tutaanzia Southwark, kusini ya mto Thames; tutavuka daraja la London kwenda Chiswell Street; kutoka hapo tutaelekea magharibi hadi Tottenham Court Road, na kumalizia Soho.

Southwark: kimea na hopsi

Southwark ndiko barabara itokayo kusini, katika mashamba ya Kent, ilikoingilia jijini. Hapo ipo George Inn, nyumba ya wageni iliyojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto, ambayo ndiyo pekee iliyosalia London katika zile nyumba zenye roshani za mbao zilizozunguka ua wa kuwekea magari ya farasi. Mita chache kutoka hapo lipo jengo la Hop Exchange, lililofunguliwa mwaka 1867, ambamo wafanyabiashara walinunua na kuuza hopsi, yaani maua makavu ya mmea mmoja utambaao uliolimwa kwa wingi huko Kent.

Kanuni ya kutengeneza bia haitamshangaza mtu wa kwetu. Mama apikaye pombe ya ulezi huloweka nafaka, huiacha iote, huianika na kuisaga. Hicho ni kimea. Mpika bia wa Kiingereza hufanya vivyo hivyo kwa shayiri. Punje inapoota hutoa vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuuvunja wanga na kuugeuza sukari ili mche mchanga upate chakula. Binadamu huikatiza kazi hiyo kwa kuikausha punje, kisha huianzisha tena kwa kuuchanganya unga wa kimea na maji ya moto. Yapatikanayo ni maji matamu, mfano wa togwa. Maji hayo huchemshwa pamoja na hopsi, hupozwa, hutiwa hamira, na hamira huigeuza sukari kuwa alkoholi na hewa ya kaboni dayoksaidi.

Hopsi hazikuwamo katika pombe ya asili ya Kiingereza. Zilitoka ng'ambo, katika nchi za Uholanzi na Ubelgiji za leo, na zilienea Uingereza tangu karne ya 15. Huipa bia uchungu wake, lakini faida yake kubwa ilikuwa nyingine: asidi zake chungu huzuia aina nyingi za bakteria waiharibuo bia kwa kuitia ukali. Pombe isiyo na hopsi hunywewa baada ya siku chache au imwagwe. Bia yenye hopsi yaweza kukaa miezi na kusafirishwa mbali. Kitu kikiweza kukaa chaweza kutengenezwa kwa wingi, na kitu kinachotengenezwa kwa wingi huvuta mtaji. Hapo ndipo viwanda vikubwa vya London vilipopata njia.

Chiswell Street: kipimajoto, mvuke na hadubini

Tukishavuka mto na kuupita mtaa wa mabenki twafika Chiswell Street. Samuel Whitbread alihamishia kiwanda chake hapa mwaka 1750, na bia iliendelea kupikwa hapa hadi mwaka 1976. Sehemu za majengo zingalipo, ingawa sasa hutumika kwa karamu na mikutano.

Bia iliyomtajirisha Whitbread iliitwa porter, nyeusi kama kahawa, iliyopendwa na wapagazi na makuli wa London tangu mwanzo wa karne ya 18. Kwa nini London ikawa mji wa bia nyeusi? Viongozi wengi wa matembezi husema tu kwamba ndivyo wapagazi walivyopenda. Mkemia ataongeza jambo. Maji ya London hupita katika miamba ya chokaa, kwa hiyo ni maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu upesi ndani yake. Chumvi za kaboneti zilizomo huupunguzia mchanganyiko wa kimea uasidi wake, na vimeng'enya vya kuvunja wanga hupenda uasidi kiasi. Kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi kina asidi ya kutosha kurekebisha kasoro hiyo. Kwa sababu hiyo maji ya London yalifaa bia nyeusi. Maji ya Burton upon Trent yenye jasi nyingi yalifaa bia angavu na chungu, na maji laini ya Plzeň katika nchi ya Ucheki yaliifaa ile bia ya rangi ya dhahabu ambayo leo imeenea ulimwenguni kote. Wapika bia walilijua hilo kwa mazoea muda mrefu kabla ya yeyote kuweza kulieleza.

Vimeng'enya vina sharti jingine, nalo ni joto. Hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 65 za Selsiasi. Joto likizidi sana huharibika, likipungua kazi huzorota. Kabla ya kipimajoto mpika bia aliyachemsha maji, akangoja mvuke upungue hata aweze kuuona uso wake juu ya maji, ndipo akatia kimea. Mwaka 1762 Michael Combrune, mpika bia wa London, alichapisha kitabu cha kuwahimiza wenzake watumie kipimajoto. Mwaka 1784 John Richardson alieleza namna ya kutumia haidrometa kupima wingi wa sukari katika maji ya kimea. Kwa vyombo hivyo viwili tu mwenye kiwanda aliweza kujua ni kiasi gani cha kimea kilichogeuka sukari na ni kiasi gani kilichopotea bure.

Mwaka uliofuata, 1785, Whitbread alifunga injini ya mvuke iliyotengenezwa na Boulton na Watt, ili ifanye kazi ya farasi waliokuwa wakizungusha mashine ya kusaga kimea. Ilikuwa mojawapo ya injini za mwanzo za Watt zenye kuzungusha gurudumu, nayo ilidumu kazini miaka 102, hadi 1887. Hata Mfalme George wa Tatu alikuja kuitazama mwaka 1787. Leo imo katika jumba la makumbusho huko Sydney, Australia. Mwanafunzi aliyewahi kushangaa kwa nini nguvu za mashine hupimwa kwa "farasi" atapata sababu hapa: wateja wa Watt walikuwa watu wenye farasi, na swali lao lilikuwa moja tu, injini hii itaniondolea farasi wangapi? Watt akakadiria kazi ya farasi mmoja, na kadirio lake ni sawa na wati 746 za leo.

Hadubini ilichelewa. Mwaka 1871 Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, alikitembelea kiwanda hiki akaomba aonyeshwe hamira ya porter. Alipoiweka chini ya hadubini aliona, pamoja na chembe za hamira, vijidudu vingine visivyotakiwa, akawaambia wenyeji kwamba bia hiyo lazima ina kasoro. Wakakiri kwamba asubuhi ile ile walikuwa wamelazimika kuomba hamira nyingine kutoka kiwanda jirani. Aliporudi baada ya juma moja alikuta hadubini imekwisha nunuliwa. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1876 katika kitabu kuhusu bia, na fikira kwamba kila kijidudu kina kazi yake, kimoja huchachusha na kingine huharibu, ilisaidia sana kuwafanya watu wakubali kwamba magonjwa nayo yaweza kuletwa na vijidudu.

Tottenham Court Road: pipa lililopasuka

Mwendo wa kilomita tatu hivi kuelekea magharibi watufikisha penye makutano ya Tottenham Court Road na Oxford Street. Lipo hapo jumba la maonyesho liitwalo Dominion, lililofunguliwa mwaka 1929. Kabla yake palikuwa na kiwanda cha bia cha Horse Shoe, mali ya kampuni ya Meux, na nyuma ya ukuta wa kiwanda palikuwa na vichochoro vya St Giles, makazi ya maskini, wengi wao Waairishi.

Porter ilihitaji kukaa miezi mingi ili ikomae, na wenye viwanda walishindana kujenga mapipa makubwa ya kuihifadhi. Tarehe 17 Oktoba 1814, saa kumi na nusu hivi alasiri, karani wa ghala aliona pete moja ya chuma imechomoka katika pipa lenye kimo cha futi 22. Pete ile ilikuwa na uzito wa ratili 700, kama kilo 318. Hakushtuka sana, kwani pete kama hizo zilichomoka mara mbili au tatu kila mwaka, naye alikwisha ambiwa kwamba hakuna madhara. Akaandika barua ili fundi aitwe. Yapata saa moja baadaye pipa likapasuka. Pipa lile peke yake lilikuwa na bia zaidi ya lita 580,000. Kishindo chake kikaharibu mapipa mengine, ukuta wa nyuma ukaanguka, na wimbi la bia likaingia katika nyumba za jirani. Watu 8 walikufa, wote wanawake na watoto. Watano kati yao walikuwa matangani, katika chumba cha chini ya ardhi, wakimlilia mtoto wa miaka miwili aliyefariki.

Fizikia ya ajali hii ni rahisi, na mwalimu aweza kuitumia darasani. Kanieneo ya kimiminika hutegemea kina wala haitegemei upana wa chombo. Kina cha mita 6.6 hutoa kanieneo ya paskali 65,000 hivi pale chini. Lakini nguvu inayozivuta pete za pipa ni kanieneo hiyo ikizidishwa kwa nusu kipenyo. Tukichukua ujazo wa lita 580,000 na kimo cha mita 6.6, na kulihesabu pipa kama mcheduara, twapata nusu kipenyo cha mita 5.3. Kwa hiyo kila ukanda wa ukuta wenye kimo cha mita moja karibu na kitako ulivutwa kwa nguvu ya nyutoni 345,000, sawa na uzito wa tani 35. Pipa lenye kina kile kile lakini nusu kipenyo cha mita 1 lingevutwa kwa tani 6.6 tu. Mafundi wa mapipa walikuwa wamerithi ujuzi wa mapipa madogo. Walipoulizwa kutengeneza makubwa waliyafuata maumbo yale yale, na hapakuwa na mtu aliyeketi kuhesabu.

Viongozi wa matembezi hupenda kusimulia kwamba wakazi wa St Giles walikimbilia barabarani na masufuria, wakaichota bia, wakalewa, na kwamba mtu wa tisa alikufa kwa ulevi siku chache baadaye. Hadithi hii huwachekesha wageni. Lakini magazeti ya siku zile, ambayo hayakuwa na huruma yoyote kwa maskini wa Kiairishi, hayakutaja jambo kama hilo. Ilizuka baadaye. Kwa maoni yangu haifai kurudiwa hata kwa mzaha, kwani huwageuza watu waliopoteza watoto wao kuwa walevi wa kuchekesha. Mahakama ya uchunguzi iliamua kwamba vifo vile vilikuwa ajali tupu. Kampuni ilirudishiwa na serikali ushuru wa bia iliyomwagika, zaidi ya pauni 7,000, ikaokoka kufilisika; familia za waliokufa hazikuwa na wa kumdai fidia.

Hesabu ya bilauri

Kabla hatujafika Soho, yafaa tuhesabu alichokunywa mgeni wetu. Nusu painti ni mililita 284. Ikiwa bia ina alkoholi asilimia 4 ya ujazo, bilauri moja ina mililita 11.4 za alkoholi, ambazo ni gramu 9. Bilauri nne ni gramu 36. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halisikii ombi la kuongeza mwendo. Kahawa na maji baridi havisaidii. Kwa hiyo baada ya saa tatu mgeni amebakiza mwilini gramu 6 hadi 15, na hadithi za mwisho za kiongozi huzisikiliza kwa akili isiyokuwa makini kama ile aliyoanza nayo. Ni bahati mbaya, kwa sababu hadithi ya mwisho ndiyo ihitajiyo umakini kuliko zote. Vijana wa chini ya miaka 18 hawauziwi pombe katika baa za Uingereza, na wala hawakosi chochote katika yale tuelezayo hapa.

Soho: kiwanda ambacho hakikupata maiti

Kutoka Tottenham Court Road hadi Soho ni mwendo wa robo saa. Mtaa tunaoutafuta uliitwa Broad Street. Leo ni Broadwick Street. Hapo ipo baa iitwayo John Snow, na karibu yake umesimamishwa mfano wa pampu ya maji isiyo na mpini.

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kilizuka ghafula katika mtaa huu. Katika siku tatu walikufa watu 127 mtaani hapo na kandokando yake, na hatimaye jumla ilifika 616. Wakati ule waganga wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu. John Snow, daktari aliyeishi si mbali, aliamini kwamba huingia kwa kinywa, katika maji. Alichukua orodha ya waliokufa, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza walikunywa maji wapi. Katika vifo 73 vya watu waliokaa karibu na pampu ya Broad Street, aliambiwa kwamba 61 walikuwa wakinywa maji yake. 6 hawakuyanywa, na wengine 6 hawakujulikana.

Hapa ndipo bia inapoingia. Mtaani humo, karibu kabisa na pampu, palikuwa na kiwanda cha bia. Snow aliona kwamba katika orodha ya vifo hapakuwa na mfanyakazi wake hata mmoja. Akaenda kwa mwenye kiwanda, Bwana Huggins, akaelezwa kwamba wafanyakazi walikuwa zaidi ya 70, wawili tu waliumwa kidogo, na hakuna aliyeshikwa vikali. Walikuwa wakigawiwa bia, na bwana yule aliamini kwamba hawanywi maji kabisa. Kiongozi wa matembezi hufika hapa, huinua bilauri yake na kusema: bia iliwaokoa! Wageni hushangilia.

Lakini hebu tusome ushahidi mpaka mwisho. Bwana Huggins alisema pia kwamba alikuwa na hakika wafanyakazi wake hawakuchota maji katika pampu ya mtaani, kwani ndani ya kiwanda kilikuwamo kisima kirefu, pamoja na maji ya kampuni ya New River. Kwa hiyo watu hawa walitofautiana na jirani zao kwa mambo mawili kwa wakati mmoja: walikunywa bia, na hawakuyagusa maji ya pampu. Lipi liliwaokoa? Kiwanda peke yake hakiwezi kutujibu. Inatubidi tutafute mahali ambapo mambo hayo mawili yametengana, na Snow aliyapata.

Mahali pa kwanza ni nyumba ya kutunzia maskini, katika mtaa wa jirani wa Poland Street, iliyokuwa na watu 535. Walikufa 5 tu, ambapo kwa kadiri ya vifo vya mitaa iliyoizunguka wangekufa zaidi ya 100. Hapa Snow hakutaja bia hata kidogo. Alitaja kwamba nyumba ile ilikuwa na kisima chake na maji ya kampuni, na kwamba hawakutuma mtu kuchota Broad Street.

Mahali pa pili ni kiwanda cha fataki za bunduki, katika mtaa ule ule wa Broad Street, chenye wafanyakazi kama 200. Humo yaliwekwa mapipa mawili yaliyojazwa maji ya pampu kwa ajili ya mwenye kiu. Walikufa 18. Mwanafunzi wa hesabu aweza kulinganisha: kama wafanyakazi 70 wa kiwanda cha bia wangekabiliwa na hatari ile ile ya asilimia 9, nafasi ya wote kusalimika ingekuwa 0.91 ikizidishwa kwa yenyewe mara 70, yaani kama moja katika 700. Basi kusalimika kwao hakukuwa bahati.

Mahali pa tatu ndipo penye uzito zaidi kwa swali letu. Katika baa za jirani maji ya pampu yalitumiwa kuzimulia pombe kali. Katika mkahawa mmoja wa karibu maji hayo yaliwekwa mezani wakati wa chakula cha mchana, na kufikia tarehe 6 Septemba mwenye mkahawa alikwisha jua wateja wake tisa waliokufa. Snow aliziorodhesha baa hizo pamoja na mkahawa huo miongoni mwa njia ambazo maji yale yaliwafikia watu. Kutiwa pombe kali ndani yake hakukuyafanya kuwa salama machoni pake.

Elimu ya leo yaunga mkono. Alkoholi huua vijidudu ikiwa kali sana, asilimia 60 hadi 80. Katika bia ya asilimia 4 au 5, au katika pombe kali iliyozimuliwa, haina nguvu hiyo. Hopsi nazo huzuia baadhi ya bakteria, lakini kimelea cha kipindupindu si wa kundi lile. Bia ilikuwa salama hasa kwa sababu maji yake yalichemshwa kwa muda mrefu, na baada ya hapo uchachukaji uliitia asidi, ambayo kimelea hicho hakiivumilii. Kilichowalinda wale wafanyakazi, mbali na kisima chao, ni moto uliokuwa chini ya sufuria. Mtu akiwasha moto huo huo chini ya maji matupu atapata kinga ile ile kwa bei ndogo zaidi na bila kulewa.

Ndiyo maana nimesema hadithi hii ikisadikiwa nusu yaweza kuua. Kipindupindu si historia ya London tu. Kiliipiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870, kama alivyoeleza James Christie, daktari aliyekuwa huko, katika kitabu chake cha mwaka 1876. Na Dar es Salaam ilikumbwa tena mwaka 2015, ugonjwa ukasambaa mikoani. Katika hali kama hiyo mtu anayeamini kwamba bia au pombe kali "huua wadudu tumboni" ataacha kuchemsha maji.

Je, watu wa kale hawakunywa maji?

Kuna usemi mwingine unaorudiwa katika karibu kila matembezi ya aina hii: kwamba watu wa kale walikunywa bia kwa sababu maji yote yalikuwa machafu. Ushahidi wa mji wenyewe waupinga. London ilijenga mfereji wa kuleta maji ya chemchemi hadi Cheapside katika karne ya 13, na mwaka 1613 ilikamilisha mfereji mrefu wa New River. Watu wasiokunywa maji hawangetumia fedha zote hizo ili kupikia na kufulia tu. Hata pampu ya Broad Street ilikuwa na sifa ya maji matamu na ya baridi. Mjane mmoja aliyehamia Hampstead, nje ya mji, aliyapenda hata akawa akiletewa chupa yake kwa gari kila siku. Alikufa kwa kipindupindu tarehe 2 Septemba, mahali ambapo ugonjwa haukuwapo, na kifo chake kikawa ushahidi mmoja wenye nguvu sana mikononi mwa Snow. Bia ilipendwa kwa ladha, kwa nguvu iliyompa mtu afanyaye kazi nzito, na kwa kulewesha. Haikuhitaji sababu nyingine.

Snow mwenyewe, ambaye jina lake limo juu ya mlango wa baa ile, kwa miaka mingi ya maisha yake alikuwa mtu wa kujiepusha na pombe. Viongozi wa matembezi hulitaja jambo hili kwa furaha, na kwa mara hii wana haki.

Limebaki jambo la mpini. Tarehe 7 Septemba Snow alikwenda mbele ya wasimamizi wa parokia akawaeleza aliyoyaona, na kesho yake, tarehe 8, mpini wa pampu ukaondolewa. Husimuliwa kwamba ugonjwa ukakoma pale pale. Snow hakudai hivyo. Aliandika wazi kwamba watu wengi walikuwa wamekwisha uhama mtaa na vifo vilikuwa vimekwisha anza kupungua, hata isingewezekana kujua kama kisima kilikuwa bado na sumu siku ile. Baadaye kasisi msaidizi wa mtaa, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakumwamini Snow, alifanya uchunguzi wake mwenyewe. Aligundua kwamba katika nyumba namba 40, iliyokuwa mbele ya pampu, mtoto mchanga aliugua kuhara kabla ya mlipuko, na maji yaliyofuliwa nguo zake yalimwagwa katika shimo la choo. Shimo lile lilipochimbuliwa lilionekana kuwa futi tatu tu kutoka kisimani, na matofali yake yamelegea. Aligundua pia kwamba baba wa mtoto huyo alishikwa na kipindupindu tarehe 8 Septemba, na uchafu wake ulimwagwa katika shimo lile lile hadi alipokufa tarehe 19. Siku aliyoanza kuugua ndiyo siku mpini ulipoondolewa.